Moshi wa Bunduki ya 1871

Katika kurasa za mwanzo za kumbukumbu zake za vita, Paul von Lettow-Vorbeck ana aya moja inayohusu bunduki, ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko aya nyingine yoyote ya kitabu hicho. Kitabu chenyewe, Meine Erinnerungen aus Ostafrika, kilitoka Ujerumani mwaka 1920, na mwaka huo huo Waingereza wakakifasiri kwa lugha yao. Nadhani walikuwa na hamu ya kumsikia mtu aliyewasumbua kwa miaka minne.

Mambo yaliyomo katika aya hiyo ni haya. Mwandishi alifika Dar es Salaam Januari 1914 kuliongoza jeshi la ulinzi la koloni, akakuta kompania nyingi bado zina bunduki ya modeli ya 1871, ile ya baruti ya moshi. Wapo maofisa, asema, waliokuwa wakiamini kwamba bunduki hiyo ilimfaa zaidi askari Mwafrika kuliko bunduki mpya, kwa kuwa hadi wakati huo askari alikuwa hajapambana na adui mwenye silaha za kisasa. Alikuwa amepigana na wenyeji tu, na katika vita vya namna hiyo risasi nene ni faida na moshi si kitu. Vita vilipozuka, wapenzi wa modeli ya 1871 walibadili mawazo yao. Anayepiga kwa baruti isiyotoa moshi haonekani. Anayepiga kwa baruti ya moshi anajitangaza papo hapo, si kwa jicho kali la askari peke yake, bali hata kwa Mzungu aliyezoea kazi za ofisini. Ndiyo maana mwanzoni mwa vita zawadi kubwa kuliko zote kwa askari ilikuwa kupewa bunduki mpya iliyotekwa kwa adui.

Nilipoisoma kwa mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, niliiona kuwa aya ya mtunza stoo anayehesabu mali. Nikaipita haraka ili nifike Tanga, kwenye vita vya Novemba 1914, ambako kuna nyuki, kuna meli, kuna majenerali. Nilibadili mawazo siku niliyoipiga bunduki hiyo kwa mkono wangu.

Ilikuwa Ujerumani, ambako nilikuwa nikifundisha Kiswahili. Mzee mmoja, fundi saa aliyestaafu, alikuwa mkusanyaji wa bunduki za kale na mwanachama wa kilabu cha shabaha cha kijijini kwao. Aliposikia natoka wapi akanialika, na Jumamosi moja tukaenda uwanjani chini ya macho ya msimamizi, yeye na kisanduku chake cha risasi alizozitengeneza mwenyewe, mimi na wasiwasi wangu. Mimi si mwindaji wala sikuwahi kuwa mwanajeshi, ukiacha mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo waliopitia wanajua kwamba jembe lilishikwa mara nyingi zaidi kuliko bunduki.

Modeli ya 1871 ni bunduki ya mwanzo ya ndugu Mauser iliyowapa jina. Inaingiza risasi moja tu kwa wakati mmoja. Risasi ni donge la risasi halisi, gramu 25, lenye unene wa milimita 11 hivi, linalosukumwa na gramu 5 za baruti nyeusi. Kinachofungua na kufunga nyuma ya mtutu nitakiita komeo, maana ni komeo kweli: unalipindua, unalivuta, unaweka risasi, unalisukuma, unalipindua tena. Chombo kizuri. Kila kitu ndani yake kinajieleza, na mtu aliyewahi kufungua cherehani hatapotea.

Nilipiga. Teke lake begani si kali kama nilivyoogopa; ni msukumo mrefu, kama wa mtu anayekuambia sogea. Lakini baada ya hapo sikuona kitu. Mbele yangu palikuwa na wingu jeupe lenye harufu ya yai bovu, na kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na upepo, wingu lile halikuondoka. Nikainua kichwa nione shabaha, mzee akacheka. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki kuwa hewa ya kusukuma risasi. Inabaki kuwa masizi na moshi, na huo moshi unakaa hapo hapo kati yako na yule uliyemlenga.

Kisha nikavuta komeo nitoe ganda. Ganda likatoka kwenye chemba, likabaki limelala pale pale wazi, halianguki. Bunduki hii ina kucha ya kulivuta ganda lakini haina kitu cha kulirusha nje. Unalazimika kuilaza bunduki ubavu wa kulia ili ganda lidondoke. Mzee alikuwa na namna yake ya kufanya hivyo, kupinda kidogo kwa kiwiko, mara moja, bila kutazama. Mimi ilinichukua risasi saba kujifunza. Kati ya risasi kumi, saba ziliingia kwenye karatasi, na ningekuwa mnafiki nisiposema kwamba nilifurahi kama mtoto.

Nyumbani kwake akachemsha maji birika zima. Bunduki ya baruti nyeusi haisafishwi kwa mafuta peke yake, maana masizi yake hunyonya unyevu na kuula mtutu kwa kutu usiku mmoja tu. Inaoshwa kwa maji ya moto. Akachomoa komeo, akaweka faneli nyuma ya mtutu, akamimina. Maji ya kwanza yalitoka meusi tii, ya pili kijivu, ya tatu karibu meupe. Nikawaza askari wa kompania iliyo nyikani, mwezi wa kiangazi, maji ya kunywa yenyewe yanabebwa vichwani na wapagazi, naye ana bunduki inayodai birika zima kila jioni. Sijaona mwanahistoria aliyeliandika jambo hilo.

Sasa niirudie aya yangu.

Kwanza nimpe mwandishi haki yake. Lettow-Vorbeck ni mwandishi mzuri anapoandika juu ya vitu. Anapoandika juu ya watu husifu kwa mkupuo au hunyamaza, lakini vitu huviona, huvihesabu na kuvifuata vinakokwenda. Baada ya Tanga hapotezi muda kujisifu. Anaorodhesha alichookota: bunduki za kisasa za kutosha kompania tatu na ziada, risasi zaidi ya 600,000, bombomu 16, na simu. Mtu aliyeanza vita na Wazungu 216 na askari 2,540 alilazimika kuhesabu hivyo. Waliosema kwamba kitabu chake ni kikavu hawakuelewa kwamba ukavu huo ndio masimulizi yenyewe. Kisa anachokisimulia ni cha jeshi linalobadili ngozi yake polepole kwa mali ya adui, na mwisho wa kisa hicho uko katika orodha ya silaha alizozikabidhi Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918: mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37, kati ya hizo 30 za Kiingereza, na bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Bunduki ya mkononi ya Kijerumani haimo. Mwandishi wa riwaya asingethubutu kubuni orodha hiyo.

Na katika suala la moshi alisema kweli. Nimesimama nyuma ya wingu lile. Ujerumani yenyewe iliiacha baruti hiyo kwa askari wake wa nyumbani mwaka 1888, miaka miwili baada ya Wafaransa kutoa bunduki ya Lebel isiyotoa moshi. Miaka 26 baadaye askari wa Tabora na Mahenge alikuwa bado anaibeba, na sababu aliyopewa ni kwamba inamfaa. Mwandishi anawacheka maofisa walioamini hivyo, na kicheko chake ni cha haki.

Lakini angalia anachokiacha kipite. Anawapinga wenzake kwa habari ya adui mwenye bunduki mpya tu. Kuhusu vita na wenyeji hana ubishi nao: huko risasi nene ilikuwa faida, na moshi haukuwa kitu. Sentensi nusu hiyo ndiyo inayonizuia kuifunga aya. Vita na wenyeji ni vipi hivyo? Miaka saba tu kabla ya yeye kufika, Maji Maji ilikuwa ndiyo kwanza imezimwa. Kwetu ni Songea. Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika penye makumbusho kuwakumbuka viongozi wa Wangoni walionyongwa siku hiyo mwaka 1906, makumi ya watu kwa siku moja, na watoto wa shule hupangwa mistari juani kama tulivyopangwa sisi. Bunduki iliyokuwa mikononi mwa askari katika vita vile ilikuwa hii hii.

Moshi haukuwa kitu kwa nani? Aliyeipiga modeli ya 1871 hawezi kukubali kwamba moshi haukuwa kitu kwa mpigaji. Umepiga risasi moja. Huoni mbele. Unavuta komeo, unalaza bunduki, ganda linadondoka au halidondoki, unatafuta risasi nyingine mfukoni, na ndani ya wingu hilo kuna watu wanaokuja mbio na mikuki, wengine na magobore. Kama unawalenga wakiwa hatua hamsini, basi una risasi moja, pengine mbili. Moshi ulikuwa kitu sana, na mahali kama Mahenge Agosti 1905 kilichoamua mambo kilikuwa bombomu zilizopangwa bomani. Ila lipo jambo moja ambalo moshi haukulifanya katika vita vile: haukumwonyesha adui mahali pa kulenga, kwa sababu adui hakuwa na kitu cha kulengea kwa mbali. Wingu humsaliti mtu kwa yule tu mwenye uwezo wa kurudisha risasi. Hivyo maneno yale, yaliyoandikwa kana kwamba ni maelezo ya tabia ya baruti, ni maelezo ya nani alikuwa na bunduki na nani hakuwa nayo. Na hata hapo bunduki haikuwa muuaji mkuu. Wanahistoria wanakadiria waliokufa katika Maji Maji kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Kwa kazi hiyo modeli yoyote ilitosha, na kiberiti kilitosha zaidi.

Simlaumu Lettow-Vorbeck kwa kutoandika kitabu kuhusu Maji Maji, hakuwapo. Namlaumu kwa jambo dogo zaidi, nalo ni la kiuandishi. Mtu aliyekuwa na jicho la kuona kwamba bunduki mpya ndiyo zawadi kubwa aliyoweza kupewa askari hakujiuliza askari mwenyewe alifikiri nini siku zote alipokuwa na ile ya zamani. Zawadi ile haikuwa nishani. Ilikuwa nafasi ya kutoonekana, yaani ya kuishi. Aya inaishia hapo, katika furaha ya anayepokea, nasi tunapita.

Kipo kisa kinachosimuliwa sana katika vitabu vya vita hivi. Ujerumani ilipoamua mwaka 1964 kuwalipa askari wazee malimbikizo yao, inasemekana ofisa wa benki aliyetumwa Mwanza alikuta wengi hawana hati. Akamshikisha kila mmoja fagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Kisa hiki husimuliwa daima kama ushahidi wa uaminifu, na msimulizi hufuta machozi. Mimi tangu ile Jumamosi nakisikia kwa namna nyingine. Nafikiri juu ya kile kiwiko kinachopinda kulaza bunduki bila kutazama. Mwili uliofunzwa hivyo hausahau, upende usipende. Hautuambii lolote kama mwenye mwili alimpenda aliyemfunza. Sina hakika kwamba kisa chenyewe kilitokea jinsi kinavyosimuliwa, lakini kwamba fagio lingetosha, hilo naliamini kabisa.

Niseme pia juu ya maandishi ya wakusanyaji, kwa kuwa mzee alinipa rundo zima nikasome. Ni maandishi ya aina yake na yanastahili mhakiki. Uzuri wao ni uaminifu kwa kitu: watakuambia skrubu ipi ilibadilishwa mwaka gani, na hawatakudanganya. Kasoro yao ni kwamba uzuri wanaoutafuta ni ule wa kitu ambacho hakikutumika. Kila kipande cha bunduki ya Kijerumani kimegongwa namba, na bunduki ambayo namba zake zote zinalingana ina thamani kuliko nyingine. Bunduki ya askari wa nyikani haiwezi kuwa hivyo. Komeo limetoka kwa marehemu fulani, kitako kimechongwa upya, kamba ya mkanda ni ya ngozi ya mnyama wa porini. Katika katalogi bunduki kama hiyo huitwa iliyochanganywa, na bei yake hushuka. Wakati huo huo wanagombania bunduki yenye herufi K.S. za jeshi la koloni, na wajanja hawakosi kuzigonga herufi hizo jana yake. Atakaye kitu kilichoshikwa na askari wa siku ya mwisho, orodha ya Abercorn inamwambia atafute bunduki ya Kiingereza au ya Kireno, mojawapo ya zile zilizotekwa Ngomano Novemba 1917 kwa mfano. Nilimweleza mzee hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akakubali, kwa masikitiko ya mtu aliyekwisha lipa.

Hata sheria inawaunga mkono wapendao bunduki isiyotumika. Uingereza, kwa sheria ya 1968, mtu anaweza kuwa na silaha ya kale bila leseni iwapo ni kitu cha kuonyesha au pambo. Akitaka kuipiga, leseni inahitajika. Kwa usalama wa raia sheria hiyo ni ya busara, sina ugomvi nayo. Kwa msomaji wa historia ina hasara yake, maana bunduki ya ukutani haikuonyeshi wingu, wala ganda linalogoma kudondoka.

Baada ya haya yote nilirudi kwa Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020, nikiwa na ubishi tayari mdomoni. Nilitaka kusema kwamba hana bunduki za kutosha. Hamza wake anajiunga na jeshi la Wajerumani, anafunzwa, anapita vitani, na msomaji aliyezoea vitabu vya wakusanyaji hatakuta mahali pa kupigia alama. Jeraha linalomwandama Hamza maisha yake yote hakulipata kwa risasi ya Mwingereza. Ni upanga wa Mjerumani wa upande wake mwenyewe. Nikasoma tena na ubishi ukaniisha nusu. Gurnah ameingia mahali ambapo Lettow-Vorbeck alifunga mlango: ndani ya kichwa cha anayepewa amri. Nusu iliyobaki bado ninayo. Ningependa Hamza awe na kazi ya mikono zaidi katika sura zile za vita, aoshe mtutu, aunguzwe vidole, aapize ganda, kwa sababu aibu na hofu ya askari vilipitia humo pia. Katika sura za baadaye Hamza anapofanya kazi ya useremala, mbao na randa vinaandikwa kwa upendo ambao bunduki haikupewa. Labda ndivyo alivyotaka. Mimi kama msomaji nilikosa kitu.

Kinachonishangaza ni kwamba lugha yetu ilikuwa na ghala lake la maneno ya silaha. Fungua kamusi za zamani uone. Ipo bunduki ya gumegume, inayowashwa kwa jiwe. Ipo ya fataki. Yapo magobori na korofindo, yanayoshindiliwa kwa mdomoni. Ipo ya midomo miwili. Ipo ya viasi, ambayo risasi yake huingia kwa nyuma. Waliotunga majina hayo walizitazama silaha kwa jinsi zinavyofanya kazi, kama fundi, hawakuzitazama kwa jina la kiwanda wala mwaka. Walizinunua, walizibeba mpaka Manyema na Katanga, walizitumia katika biashara ambayo haina cha kujivunia, na walijua ipi inakataa kuwaka mvua ikinyesha. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alituachia maisha yake kwa Kiswahili, na bunduki zimejaa ndani yake. Sisi tuliorithi maneno hayo tumebakiwa na "bunduki" na "gobore", na kwa vitabu vya silaha zilizotupiga na tulizopigia wengine inatubidi tusome Kijerumani na Kiingereza.

Mzee amenialika tena mwakani. Amepata bunduki ya Kireno, iliyochanganywa, kwa bei ndogo. Nimemjibu kwamba nitakwenda. Na kama yupo mtu kati ya Kilwa na Kigoma mwenye mswada wa Kiswahili juu ya bunduki hizi, ulioandikwa na aliyewahi kuzisafisha, anitafute. Nitauhakiki bila huruma, lakini nakala ya kwanza nitainunua mimi.